Maswali ya Wasomaji: Ukijitolea Kwenye Kambi ya Watoto, Unadaiwa Nini?

Likizo ya Juni ikikaribia, barua zinazohusu kambi za watoto huongezeka, na safari hii nyingi zimetoka huku kwetu Mwanza, kandokando ya Ziwa Victoria: Nyamagana, Ilemela, Magu, Sengerema na Ukerewe. Kambi zenyewe ni za namna nyingi. Zipo za makanisa na misikiti, za skauti, za shule, na za vikundi vya mtaani ambavyo havina hata ofisi. Zote, hata hivyo, huendeshwa kwa sehemu kubwa na vijana na akina mama wasiolipwa, na hao ndio walioandika. Majina yao tumeyahifadhi.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, ninaishi Malimbe. Viongozi wa kanisa letu wameniomba nisaidie kwenye kambi ya watoto wa miaka 8 hadi 13 itakayofanyika kwa wiki moja huko Ilemela, karibu na ziwa. Nitapewa chakula na nauli tu. Nilipouliza kazi yangu ni ipi niliambiwa, "Utasaidiasaidia tu." Je, mtu anayejitolea anatarajiwa kufanya nini hasa? Na kwa kuwa silipwi, ninaweza kutoka jioni nikashughulikia mambo yangu kisha nikarudi usiku?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalobeba mengine. Huwezi kutoka hivyo. Mzazi anayemwacha mtoto wake getini na begi lake la nguo haulizi nani kati yenu analipwa na nani halipwi. Anaona watu wazima, anatulia, anaondoka. Ukishaipokea zamu, watoto walioandikwa chini ya jina lako ni wako mpaka umkabidhi mwingine ana kwa ana, tena kwa majina. Kabla ya kukubali una uhuru wote: kataa, omba siku mbili badala ya wiki nzima, au sema mapema kwamba Jumatano una mtihani, na hakuna atakayekulaumu. Kosa ni kukubali kwa mdomo halafu kuwepo nusunusu, kwa sababu pengo lako halitaonekana kwenye ratiba na hakuna atakayeliziba.

Hilo jibu la "utasaidiasaidia tu" usilipokee. Rudi kwa viongozi wako kwa adabu na uulize utakuwa na watoto wangapi, utalala wapi, zamu zako za usiku ni zipi, nani mkuu wako, nani anashika sanduku la huduma ya kwanza, na mtoto akiugua saa nane za usiku ataondoka kwa gari la nani kwenda hospitali ipi. Kambi iliyopangwa vizuri hujibu maswali hayo papo hapo. Kambi isiyoweza kuyajibu wiki moja kabla ya kufunguliwa, mimi nisingempeleka mjukuu wangu huko.

Sasa kazi yenyewe. Vijana wengi huja wakiwa wamejiandaa kuchangamsha watoto kwa nyimbo, maigizo na mpira, na mambo hayo yana nafasi yake. Lakini saa nyingi za msaidizi huenda katika kuangalia, na kuangalia ni kazi inayochosha kuliko kucheza. Chukua hili la kuhesabu. Wasaidizi wengi huhesabu vichwa: mmoja, wawili, mpaka kumi, wametimia, twendeni. Jioni moja mtoto wako mmoja yuko chooni, na wa kundi la jirani amekuja kusimama kwenye mstari wako kwa sababu ana rafiki hapo. Hesabu inatoka kumi kamili ilhali wa kwako hayupo. Kwa hiyo ita jina, subiri sauti, tazama uso, halafu nenda kwa jina linalofuata. Fanya hivyo kabla ya kuondoka mahali popote, mkifika mwendako, kabla ya kula na kabla ya kulala. Watoto watakucheka siku ya kwanza. Kufikia siku ya tatu wao wenyewe watakuwa wanakwambia nani hajaja.

Fomu za wazazi uzisome kabla watoto hawajafika, si zikae kwenye faili la katibu. Kanda yetu ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, na katika kambi yoyote yenye watoto mia moja ni busara kutarajia kuwa yupo. Mtoto huyo anatakiwa kunywa maji mara kwa mara, asikimbizwe mpaka achoke kabisa, asiachwe na nguo mbichi baada ya mvua. Na akisema mifupa inauma au akipata homa, hiyo si deko wala uvivu, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mahali unapoweza kuifikia bila kutafuta funguo. Mwenye kifafa akianguka, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na utazame saa. Degedege likizidi dakika tano, apelekwe hospitali. Dawa zote hutolewa na aliyekabidhiwa kazi hiyo, kwa idhini ya mzazi, na huandikwa. Usimpe mtoto wa mtu kidonge kutoka mfukoni mwako, hata kikiwa Panadol.

Usiku una taratibu zake. Watu wazima walale mahali wanapoweza kusikia watoto, lakini si kitanda kimoja nao. Na pasiwe na saa yoyote, mchana wala usiku, ambapo wewe na mtoto mmoja mko peke yenu nyuma ya mlango uliofungwa. Mtoto akihitaji kuzungumza faragha, kaeni chini ya mti ambapo wengine wanawaona ingawa hawawasikii. Taratibu hizi humlinda mtoto na hukulinda wewe pia, na kiongozi anayezicheka hafai kuachiwa watoto.

Utakutana pia na aliyekojoa kitandani. Alfajiri wenzake wameshatoka kunawa uso, yeye bado amejifunika shuka mpaka kidevuni na anakwambia kichwa kinamuuma. Usimwulize kitu mbele ya watu. Watume waliobaki wakachukue uji, kisha mpe nguo kavu, mwelekeze bafuni, toa shuka lake uliweke kwenye beseni pamoja na shuka nyingine mbili safi, na uanike godoro lake juani katikati ya magodoro mengine matatu. Mtoto wa miaka tisa aliyetunziwa aibu yake namna hiyo atamaliza wiki akiwa na furaha. Aliyetajwa mstarini ataomba kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana, na atakuwa na haki.

Kuhusu simu, iwe mfukoni ikiwa na chaji na salio, isiwe mkononi. Na ujenge urafiki na wapishi. Mama anayegawa ugali na dagaa kwenye foleni humwona mtoto asiyekula tangu jana kabla ya mlezi wake hajagundua, na mara nyingi ndiye anayejua kwamba dawa ya mtoto anayewalilia wa nyumbani ni kupewa kazi ya kuchambua mchele karibu na jiko.

*Mwalimu, mimi ni mama wa watoto watatu hapa Sengerema. Mwaka jana binti yangu alirudi kutoka kambini akasimulia kwamba wasaidizi waliwapeleka watoto kuoga na kuogelea ziwani kila adhuhuri kwa sababu maji ya bomba yalikatika. Nilipolalamika niliambiwa kuwa sisi sote tumekulia ziwani. Je, ni sawa?*

Si sawa, mama, na hoja ya kukulia ziwani haisaidii. Wengi tuliokulia ziwani tumeugua kichocho, na wapo tuliosoma nao ambao ziwa liliwachukua.

Kichocho cha tumbo kimeenea kandokando ya Ziwa Victoria. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya ufukweni, huogelea, na hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha lolote. Huwa vingi zaidi majini saa za jua kali, yaani ule wakati ambao kambi nyingi hupanga michezo ya maji. Bomba likikatika, maji yachotwe na kuwekwa kwenye tangi au mapipa yaliyofunikwa kwa siku moja hadi mbili kabla ya kuogea, kwa sababu vimelea visivyopata ngozi ya binadamu hufa katika muda huo. Au yachemshwe, yapoe, ndipo yatumike. Maji ya kunywa ni habari nyingine: hayo lazima yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakiwa yamekaa wiki. Msaidizi anatakiwa pia kuhakikisha kwamba hakuna mtoto anayejisaidia ufukweni, kwa kuwa mayai ya kichocho hufika kwa konokono kwa njia ya choo kikubwa kinachoingia majini. Mtoto wako aliyekwisha kuoga humo mpeleke kituo cha afya apimwe. Dawa ya prazikwanteli ipo, hutolewa kwa kipimo cha mwili, na si kazi ya kambi kuigawa.

La pili ni kuzama. Wengi wanadhani mtoto anayezama hupiga kelele na kurusha mikono. Mara nyingi hafanyi hivyo. Mdomo uko sawa na uso wa maji, kichwa kimelala nyuma, mikono inasukuma maji kuelekea chini, na hana pumzi ya kuita. Mtu aliyekaa kwenye jiwe akichati anaweza kuwa hatua chache tu kutoka kwake na asijue. Ufukwe wa Mwanza ni wa mawe. Palipofika magotini hatua hii, hatua inayofuata panaweza kukuzamisha wewe mtu mzima. Kwa hiyo kama ratiba ina shughuli yoyote ya karibu na maji, wawepo wasaidizi ambao kazi yao pekee saa hiyo ni kutazama maji, wawe wanajua kuogelea, na wawe na kamba, mti mrefu na madumu matupu yaliyofungwa vizuri ya kumrushia mtu. Asiyejua kuokoa asijitose, maana mara nyingi huzama wawili. Aliyetolewa majini akiwa hapumui hupuliziwa pumzi kinywani na kubanwa kifua bila kukawia huku mwingine akitafuta gari; haning'inizwi kichwa chini wala hakandamizwi tumbo. Mambo hayo hayafundishiki kwa barua. Viongozi wamwombe mhudumu wa afya aje kuwafundisha kwa vitendo kabla ya kambi kufunguliwa.

Kabla ya kuchagua ufukwe, waulizwe pia wavuvi na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia ufukwe na uvuvi, wa mwalo husika kama mamba au viboko wameonekana. Wao wanajua, nasi hatujui. Na ikiwa kuna matembezi ya mtumbwi, tuseme kwenda Saanane au kisiwa kingine, kila mtoto avae jaketi okozi linalomtosha, na chombo kisipakie zaidi ya idadi yake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimezidisha abiria, na watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Msaidizi anayeona mtumbwi umejaa na bado watoto wanaitwa wapande, anatarajiwa kusema hapana kwa sauti, hata kama mkuu wa kambi amekwisha kulipa nauli.

*Mwalimu, hapa Magu kambi yetu ina watoto watundu kupita kiasi. Wasaidizi wanaruhusiwa kutumia fimbo kidogo?*

Hapana. Hata shuleni, kanuni zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu huandikwa kitabuni. Msaidizi wa kambi hana mamlaka hayo kutoka popote. Vilevile asimpigishe mtoto magoti juani, asimnyime chakula, asimwamuru mwenzake amcheke. Mtundu mpe kazi yenye hadhi, kama vile kutunza filimbi au kupandisha bendera; akimuumiza mwenzake, mtoe kwenye mchezo akae karibu nawe mpaka atulie; akirudia rudia, mzazi apigiwe simu aje. Nami nitaongeza kwamba utundu mwingi wa kambini huanza saa ambazo ratiba iko tupu na wasaidizi wamekusanyika kivulini kupiga soga.

*Kijana wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, ameombwa awe mlezi wa kundi kambini. Nimruhusu? Baba wa familia, Buswelu.*

Mruhusu aende kusaidia, lakini asiwe mlezi. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo kijana wako ni mmoja wa wanaolindwa na kambi hiyo, na fomu ya ridhaa utamjazia wewe. Anaweza kufundisha nyimbo, kuongoza michezo, kubeba maji na kuwa kaka wa wadogo akiwa chini ya mtu mzima. Asihesabiwe kati ya watu wazima wanaotosheleza kundi, asipewe zamu ya usiku peke yake wala ulinzi wa ufukweni. Ikiwa waandaaji wanamhitaji ili idadi ya walezi itimie, basi hawana walezi wa kutosha, na wapunguze watoto.

*Shikamoo. Ninaandika kutoka Nansio. Nilikuwa msaidizi kambini, na usiku wa mwisho mtoto wa miaka kumi na mmoja aliniambia kwamba kuna ndugu yao mmoja nyumbani anayemfanyia mambo mabaya. Aliniapisha nisimwambie mtu. Kiongozi wetu alisema tusiingilie mambo ya familia za watu. Bado sijapata usingizi. Nifanye nini?*

Marahaba, dada. Fanya jambo leo, kabla ya kumaliza kusoma gazeti hili. Piga simu namba 116, ambayo ni namba ya huduma kwa mtoto na haitozwi, au nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yenu, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, na haiulizi kama mtu huyo alikuwa analipwa. Kiongozi aliyekwambia usiingilie hana uwezo wa kukuondolea wajibu huo. Usiende kwanza nyumbani kwa mtoto kuuliza ukweli, kwa sababu mtuhumiwa anaweza kuwa ndiye atakayekufungulia mlango, na wewe ukishaondoka mtoto atabaki naye.

Kwa wanaojiandaa kwenda kambini, jifunzeni hili mapema. Mtoto akikwambia, "Nikuambie kitu, lakini usimwambie mtu," usiahidi. Mwambie kwamba utamsikiliza, na kwamba ikiwa ni jambo linalomuumiza itabidi umwambie mtu anayeweza kumsaidia. Wengi huendelea kusema hata baada ya kuambiwa hivyo. Sikiliza bila kumkatiza, usimhoji kama askari, usioneshe mshtuko, usimuulize kwa nini hakusema mapema. Mwambie kwamba amefanya vizuri kusema na kwamba kosa si lake. Kisha andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa, na uyafikishe siku hiyohiyo. Kama tukio ni la siku moja au mbili zilizopita, hospitali haisubiri asubuhi: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mtoto asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari. Baada ya hapo nyamaza. Wasaidizi wenzako hawahitaji kuijua habari hiyo, hata yule mnayelala naye hema moja.

Na wewe mwenyewe, dada, umebeba mzigo mzito peke yako kwa siku nyingi. Ukishatoa taarifa, mwombe huyo afisa akuelekeze kwa mtu wa kuzungumza naye. Wasaidizi hulala kambini, hurudi nyumbani na habari za watoto vifuani, na waandaaji wachache sana hukumbuka kuwauliza hali zao.

*Mwalimu, mimi huwa ninapiga picha nzuri kambini na kuziweka kwenye statasi na kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu wa Kirumba ili wafadhili waone kazi. Kuna mzazi amenijia juu. Nimekosea wapi?*

Ulianza bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti, na mzazi aliyeruhusu mtoto wake aje kambini hakuruhusu kwa hilo uso wa mtoto wake uzunguke kwenye simu za watu asiowajua. Wapo watoto ambao wamehamishiwa kwa bibi ili mtu fulani asijue walipo. Statasi yako ikiwa na jina la kambi na bango la shule nyuma yao humwelekeza mtu huyo mpaka mlangoni. Kambi iwe na mpiga picha mmoja aliyeteuliwa, fomu iwe na sehemu ya mzazi kukubali au kukataa, na walioandika hapana wajulikane kabla kamera haijatolewa. Picha za wanaooga, wanaolala, wanaolia au wanaotibiwa zisipigwe kabisa, hata na huyo aliyeteuliwa. Wafadhili watumiwe picha ya jiko, mahema, bustani iliyopandwa, au watoto walioonekana kwa mgongo wakiimba.

Zile ulizokwisha kuzirusha zifute leo, mwombe msimamizi wa kundi lenu awasihi waliozihifadhi wazifute pia, kisha nenda kwa huyo mzazi ukiwa na simu yako mkononi ili ajionee mwenyewe kwamba hazipo.